Maisha ya Mikuriya Teruo, Yaliyoandikwa na Mtu Asiyempenda

Mwenyekiti wa chama chetu cha mafundi, mzee Kumazawa, alikuja kwangu wiki iliyopita na boksi la maandazi ya maharage matamu, nikajua papo hapo kuwa ana shida. Kumazawa hatoi kitu bure. Alivua viatu, akakaa mkekani, akausifu mti wangu wa plamu ambao mwaka wa tatu huu haujazaa kitu, kisha ndipo akalitapika lililomleta.

"Bibi Nobue, tunaomba utuandikie kurasa chache. Maisha ya Mikuriya Teruo."

"Kwani kafa?"

"Hajafa."

"Basi ajiandikie mwenyewe. Mikono anayo."

"Si unamjua? Yule ukimwuliza saa ngapi, anakunyooshea saa uangalie mwenyewe." Akasukuma boksi mbele yangu. "Wewe ndiye ndugu yake pekee hapa mjini."

"Mimi si ndugu yake. Alimwoa mdogo wangu, na mdogo wangu yuko kaburini."

Kumazawa akashusha sauti, ingawa nyumbani kwangu hakuna wa kusikia zaidi ya paka. Akaniambia wanachama wamegawanyika. Ukutani kwenye ukumbi wa chama, kila fundi wa upanga wa bonde hili la Orihata ana kibao cha mti chenye jina lake, kinaning'inia kwenye msumari. Cha Teruo kilishushwa miaka minne iliyopita, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyempa upanga aunoe. Kimekaa kwenye droo. Sasa wengine wanataka kirudishwe ukutani, wengine wanataka kichomwe hekaluni mwaka mpya pamoja na hirizi kuukuu. Kura itapigwa kabla ya sikukuu ya Novemba.

"Wewe ulikuwepo siku ile," alisema Kumazawa. "Ukiandika kwamba alikosa, kitachomwa. Ukiandika vingine, tutakusikiliza. Wewe hujulikani kwa kumpendelea."

Kweli kabisa, sijulikani hivyo. Kwa hiyo nimeandika, na nasema mapema ili mtu asije akajifanya hakuambiwa. Simpendi Teruo. Sikumpenda alipokuja kuposa na sikumpenda jana alasiri.

Alizaliwa juu milimani, Kurotani, kwa baba mchoma mkaa. Alishuka hapa mjini akiwa na miaka kumi na mitano, ana masikio makubwa na hana maneno. Mnoaji aliyempokea alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta na karakana ya baba yangu. Baba alikuwa fundi wa ala za panga, kama babu yangu, kama mimi sasa. Miaka mitatu ya kwanza Teruo hakugusa chuma. Alichota maji, akaosha vinoo, akafua matambara, akala figili zetu za kuchachua ambazo mama alimrushia juu ya ua kwa huruma. Mimi nilikuwa na kumi na minane. Nilimsalimia kila asubuhi kwa mwezi mzima, naye akanijibu kwa kichwa. Mwezi wa pili nikaacha. Sikuzaliwa kusalimia mbuzi.

Kazi aliijua, siwezi kusema uongo hapo. Mnoaji wa upanga hanoi kama muuza nyama. Anakaa kwenye kibao kifupi, mguu wa kulia umekandamiza kinoo, ndoo ya maji pembeni, na anakisogeza chuma juu ya jiwe kidogo kidogo, kuanzia jiwe la kukwaruza hadi jiwe laini, mawe saba au manane, wiki mbili, wiki tatu. Mwisho anatumia vipande vya jiwe vyembamba kama ganda la kitunguu, anavisugua kwa dole gumba. Dole gumba la Teruo la kulia limebonyea kama kijiko. Upanga ukitoka mikononi mwake, yale mawimbi meupe ya karibu na makali unayaona kama umande wa asubuhi. Watu walikuja kutoka mbali. Walimsifu, naye akawaitikia kwa kichwa.

Mafundi wa panga hatuwezi kukimbiana. Mnoaji akifika katikati ya kazi, chuma kinakuja kwa fundi wa ala, ala inachongwa kukifuata chuma hicho na si kingine, kisha chuma kinarudi kwa mnoaji amalizie. Bila mimi, kazi yake inakaa uchi. Bila yeye, ala yangu ni ubao mtupu. Basi kwa miaka thelathini na moja nilipitisha kazi kwa mtu huyu juu ya ua, na kwa miaka thelathini na moja alinirudishia na uzi.

Huo uzi ndio ulionitia kichaa. Ala ikiwa inagusa chuma mahali pasipotakiwa, hata kwa unene wa karatasi, Teruo hakusema, "Nobue, hapa pamebana." Hapana. Alifunga uzi mweupe nje ya ala, sawasawa na mahali penye kosa, akaiweka kizingitini kwangu akaenda zake. Nilikuwa nafungua mlango asubuhi nakuta uzi. Wanafunzi wangu wanauona, mama mwuza tofu anauona. Na kila mara nilipoipasua ala kuangalia, kosa lilikuwa hapo hapo penye uzi. Angekosea hata mara moja ningemsamehe.

Nieleze kidogo kuhusu kuipasua, maana ndiko tunakokwenda. Ala yetu ni vipande viwili vya mti wa honoki, mwepesi, hauna utomvu, umekaushwa miaka kumi. Tunavigundisha kwa wali. Wali wa kawaida, unapondwa kwa mwiko mpaka unakuwa gundi. Vijana huniuliza kwa nini tusitumie gundi ya dukani inayoshika mpaka kiama. Kwa sababu hatutaki ishike mpaka kiama. Ndani ya ala kukiingia unyevu au kutu, lazima uweze kuingiza kisu chembamba kwenye mshono, ugonge, ifunguke, uisafishe, uigundishe tena. Ala isiyofunguka huficha ugonjwa wake.

Sumie, mdogo wangu, alimpenda mtu huyu. Sijui alimpendea nini. Nilimwuliza wiki ya harusi, akacheka, akasema, "Dada, nyumbani kwetu wewe unaongea kwa watu watatu. Acha nikapumzike." Wakaishi vizuri, nasikia. Watoto hawakupata. Kisha mapafu yake yakaharibika, na Februari moja yenye theluji hospitali ikapiga simu: njooni sasa. Mimi nilikimbia na kandambili za ndani. Teruo alikuwa na upanga umelowa juu ya kinoo. Chuma kilichotoka kunolewa kikiachwa na maji, kinashika kutu kabla chai haijapoa. Basi akakifuta. Akakikausha. Akakipaka mafuta, akakifunga kwenye kitambaa, akanawa, akaja. Dakika arobaini. Sumie alikuwa ameshaondoka dakika ishirini kabla. Aliniuliza mara mbili, "Teru yuko wapi?" nami nikamdanganya mara mbili kwamba anapanda ngazi.

Hilo sijalisamehe. Wala sikusudii.

Sasa upanga wa Tonomura. Bwana Tonomura ana kiwanda cha pombe ya mchele kando ya mto, na familia yake ina upanga wa zaidi ya miaka mia nne. Ukipewa kazi ya Tonomura, bonde zima linakupa kazi. Ukinyang'anywa, nalo linakunyang'anya. Miaka mitano iliyopita, majira ya baridi, Teruo aliunoa upya nami nikauchongea ala mpya ya kupumzikia, ya kuuhifadhia kabatini, ya mti mweupe, haina rangi wala nakshi. Ilinichukua siku ishirini. Haikurudi na uzi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, haikurudi na uzi.

Aprili tukaupeleka. Desturi ni kwamba siku ya kukabidhi, mnoaji anausafisha mbele ya mwenye mali ili aone namna ya kuutunza. Tulipiga magoti chumba cha ndani, sisi watatu. Teruo alikunja karatasi nyeupe, akaishika kwa midomo. Kila mtu wa kazi yetu anajua kwa nini. Mate yana chumvi, na tone usiloliona linaota kutu. Juu ya chuma kilicho uchi hakuna anayefungua kinywa, awe mfalme au mwizi.

Akagonga msumari wa mianzi kwa nyundo ndogo ya shaba, ukatoka. Akashika kipini kwa mkono wa kushoto, akakipiga kifundo cha mkono huo kwa ngumi ya kulia, chuma kikalegea kikachomoka. Ule mkia unaokaa ndani ya kipini una kutu nyeusi ya karne nne, na huo haukuugusa, kwa maana kutu hiyo ndiyo inayoonyesha umri wa upanga. Mpumbavu akiisugua ing'ae ameua mali. Akafuta mafuta ya zamani kwa karatasi laini, kutoka shinani kwenda nchani, kamwe si kurudi nyuma. Akagongagonga kifuko cha unga wa jiwe, chuma kikapata vumbi jeupe, akalifuta. Akapaka mafuta mapya, yale yenye harufu ya karafuu, utando mwembamba tu. Chumba kizima kikanukia karafuu. Kisha akaurudisha kwenye kipini, akauinua kwenye mwanga wa dirisha kuukagua mara ya mwisho.

Hapo simu ikalia ukumbini, na Bwana Tonomura akatoka kwenda kuipokea.

Tukabaki wawili. Yeye upanga mikononi, karatasi mdomoni. Mimi mbele yake, umbali wa mkono mmoja. Siku hiyo ilikuwa tarehe kumi na tisa, tarehe aliyokufa Sumie, ingawa mwezi mwingine. Nilimwona anavyokitazama kile chuma. Alikitazama kwa upole ambao sikuwahi kuuona usoni mwake hata siku ya harusi, na mwili wangu wote ukapanda moto.

"Hivyo ndivyo ulivyokuwa unakitazama siku ile?" nikamwambia. "Eh? Mke wako anakata roho, wewe unafuta chuma?"

Akanitazama. Karatasi mdomoni.

"Jibu basi! Ah, huwezi. Una karatasi. Maisha yako yote una karatasi, hata usipokuwa nayo! Alikuulizia mara mbili, unajua? Mara mbili! Nikamwambia uko ngazini. Mume gani wewe? Wewe si mume, wewe ni ndoo ya maji!"

Akatikisa kichwa kwa nguvu, akauondoa upanga kando, akanionyesha kwa macho: chuma, chuma. Kumbe hata hapo anawaza chuma! Nilisogea, nikasema mengine ambayo hayaandikiki kwenye kurasa za chama. Niliyasema uso kwa uso, na katikati yetu ulikuwa upanga wa miaka mia nne. Kisha nikamnyang'anya, nikauchomeka kwenye ala yangu, ukaingia taratibu ukajifunga wenyewe, kama ala nzuri inavyopaswa kufanya.

Tonomura akarudi, ana haraka, amepata habari za pipa lililopasuka kiwandani. Teruo alitoa karatasi mdomoni. Nilimsikia kwa masikio yangu.

"Bwana, naomba niufute tena."

Nami nikacheka. "Msamehe, Bwana Tonomura. Ameshaufuta mara tatu. Akiachwa huyu atalala nao."

Tonomura naye akacheka, akasema imetosha, akauingiza kwenye mfuko wa hariri, akaufungia kabatini. Ukapita msimu wa mvua, na joto la Agosti likapita pia.

Oktoba, siku kavu, Tonomura aliutoa kuupunga hewa akakuta kutu. Alituita sote, na Kumazawa kama mwenyekiti. Chumba kile kile. Teruo akauchomoa, akauweka juu ya mto wa hariri, karatasi mdomoni, akapiga magoti nyuma yake. Tonomura na Kumazawa walikaa mbali, wameficha vinywa kwa mikono ya nguo.

"Ni ala au ni mnoaji," alisema Tonomura kutoka ukutani. Hakupaza sauti, na hilo lilitisha zaidi. "Mmoja wenu ameumiza mali ya mababu zangu. Huyo sitamwona tena."

"Pasueni ala," nikasema. Nilikuwa na uhakika nayo.

Kumazawa akaingiza kisu kwenye mshono, akagonga, ikafunguka kama ganda la karanga. Ndani ilikuwa nyeupe, safi, haina mkwaruzo wala doa la mguso. Nikavuta pumzi ya ushindi, nikainuka nikasogea kuiona hiyo kutu ya Teruo.

Vitone saba. Vidogo kama mbegu za ufuta, katikati ya upanga, upande mmoja tu, vimetawanyika, vitatu hapa, vinne pale.

Mtu yeyote wa kazi hii anajua. Kutu ya ala ni mstari mrefu, mahali mti ulipogusa. Kutu ya kidole ina michoro ya kidole. Kutu ya maji yaliyosahauliwa ni wingu. Kutu ya vitone ni ya kinywa. Na kinywa cha Teruo kilikuwa na karatasi.

Kumazawa ni fundi wa kusuka vipini, hajui chuma. Tonomura anajua pombe. Waliojua chumbani tulikuwa wawili. Teruo aliinua macho akanitazama mimi, si wao. Hakunikunjia uso. Alinitazama tu, akangoja.

"Ala ni safi," alisema Kumazawa.

"Na kumbukeni," akaongeza Tonomura, "siku ile aliniomba aufute tena. Alijua mwenyewe kwamba hakuusafisha vizuri. Mikuriya, una la kusema?"

Upanga ulikuwa uchi mbele ya magoti yake, na ala ya kuuingizia ilikuwa imepasuliwa vipande viwili. Teruo hakutoa karatasi. Walihesabu ukimya wake kuwa kukiri. Mimi ningeweza kurusha kitambaa juu ya chuma ili apate kusema. Ningeweza kusema mwenyewe. Nilifikiria kibao cha babu yangu, cha baba yangu, na changu, vyote kwenye msumari mmoja. Nilimfikiria Sumie na ile ngazi. Nikasema moyoni, sasa naye ajue kungoja kulivyo. Kisha nikaanza kukusanya vipande vya ala yangu.

Jioni ile ile kibao chake kikashushwa.

Kutu ile ilikwenda kuondolewa na mnoaji wa mji mwingine, na ili iondoke ilibidi chuma kingine kiondoke nayo. Chuma kikiondoka hakirudi. Upanga wa Tonomura sasa ni mwembamba kidogo kuliko walivyouacha wazee wake, na utakuwa hivyo siku zote.

Teruo alifunga vinoo vyake vizuri kwenye majani makavu, akavirudisha kabatini. Siku hizi ananoa visu vya jikoni na miundu nyuma ya duka la mboga, Jumanne na Ijumaa. Mama mwuza tofu ananiambia kisu alichonoa Teruo kinakata nyanya kwa kuitazama tu. Mimi kazi yangu ilinawiri. Tonomura aliniletea mbili zaidi. Wanafunzi wakaongezeka. Na kila asubuhi nilipofungua mlango niliangalia kizingiti, nikitafuta uzi. Nilizoea kuuchukia, sasa haukuwepo. Ala zangu zikatoka bila mtu wa kuziambia zimekosea wapi, na najua zimekosea mahali fulani. Zote.

Nyani haoni kundule. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu msemo huo kila walipolaumiana.

Basi Kumazawa alipoondoka na boksi tupu, maana maandazi tulikula yote, niliketi kuandika. Niliandika kurasa mbili za uongo mzuri sana. Nilimfanya Teruo mzembe kuanzia utotoni. Nilipozisoma nikaona zimeandikwa kwa ustadi, nikazichana. Kisha jana alasiri nikavuka ua, mara ya kwanza tangu mazishi ya mdogo wangu.

Alikuwa barazani na kisu cha samaki cha mtu. Alikuwa amezeeka. Mikono yake imevimba viungo kwa baridi ya nje. Dole gumba lile lililobonyea lilikuwa na ufa.

"Teruo."

"Shemeji."

"Chama kinataka niandike maisha yako."

"Andika."

"Niandike nini?"

"Wewe ndiye mwenye maneno." Akakigeuza kisu.

"Usinifanyie hivyo! Nimekuja kwa miguu yangu mwenyewe, na goti bovu! Siku ile ulijua. Uliona vitone ukajua. Kwa nini hukusema?"

Akakiweka kisu chini, akakifunika kwa kitambaa kabla ya kunijibu. Kisu cha samaki! Nilitaka kumpiga.

"Nilikuwa nakungoja wewe," alisema.

"Miaka minne?"

"Ile siku tu. Baadaye sikungoja tena."

"Ningesemaje? Jina la baba yangu..."

"Najua."

"Hujui! Wewe ulimwacha Sumie!"

"Nilimwacha," alisema. Hakubisha. "Upanga ule ulikuwa wa mtu. Nilidhani dakika arobaini zipo. Hazikuwepo. Kila siku nazihesabu, shemeji, huna haja ya kunisaidia."

Sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi hivyo kwa pamoja katika miaka arobaini na mitano. Nikamwambia nitakachoandika. Nikamwambia kwamba asubuhi nimekwenda ukumbini nikakitoa kibao changu kwenye msumari, na kwamba kitakuwa ndani ya bahasha pamoja na kurasa hizi. Kumazawa, kibao kimo humu, kitazame. Hukuwa na haja ya kura. Mate yalikuwa yangu, na ucheko uliomzuia asiufute ulikuwa wangu pia. Mdomo uliponza kichwa, ila kichwa kilichokatwa kilikuwa cha mwingine. Mrudishieni kibao chake. Msimpe changu Tonomura akitupe mtoni mpaka nifike, nataka nimwangalie machoni.

"Kibao chako kitarudi," nikamwambia Teruo. "Utaanza tena kazi."

Akaifungua mikono yake akaniwekea mbele ya macho, vidole vimepinda, havinyooki. Jiwe jembamba kama ganda la kitunguu halishikiki kwa vidole hivyo. Mimi ni fundi, sikuhitaji kuelezwa.

Nikapiga magoti pale barazani, goti bovu na zima, nikainamisha kichwa mpaka kwenye mbao. Nilisema neno ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote wa kiume katika maisha yangu, hata baba. Nikasema, nisamehe. Nikangoja.

Nilimsikia akivuta droo. Nilipoinua kichwa, alikuwa amekunja karatasi nyeupe, safi, kwa utaratibu ule ule wa siku zote, akaishika kwa midomo. Kisu cha samaki kilikuwa kimefunikwa. Mbele yake hapakuwa na upanga wowote, nilikuwepo mimi tu, na juu yangu hakutaka hata tone lianguke.